Kompyuta Isiyowaka

Kompyuta iliyofanya kazi vyema jana huweza kubonyezwa kitufe asubuhi isitoe hata mlio. Wenyewe hudhani imekufa pamoja na hesabu za duka na picha za watoto zilizomo. Kwanza na ijaribiwe soketi kwa taa ya mezani, kisha waya mwingine. Ikiwa bado kimya, huenda kilichokufa ni kile kisanduku cha bati cha nyuma, chenye feni na tundu la waya, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Hicho huupokea umeme wa ukutani na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3. Kwa kawaida yaliyohifadhiwa katika diski hubaki salama.

Wapo wanaokifungua kisanduku chenyewe wakitafuta fyuzi. Hatari iliyoje! Ndani mna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa volti zipatazo 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na umeme huo waweza kuua. Kisanduku huondolewa kizima, kikawekwa kingine.

Kipya kiwe na wati zisizopungua zile zilizoandikwa kwenye cha zamani. Vingi hufuata kipimo cha ATX, kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, ndiyo maana cha kiwanda kimoja huingia katika kompyuta ya kiwanda kingine. Lakini kompyuta nyembamba za ofisini mara nyingi zina umbo na plagi za peke yake. Basi ni heri kwenda dukani na kile kibovu mkononi. Chepesi kama kopo tupu kitiliwe shaka, hata kijisifu vipi kwa maandishi.

Kabla ya kazi, waya wa ukutani uchomolewe na plagi za ndani zipigwe picha kwa simu. Kisanduku hushikwa na skrubu nne kwa nyuma. Plagi kubwa ya pini 24 ina kikwamizo cha kubonyeza. Isivutwe kwa nyaya zake. Iko nyingine ndogo, ya pini 4 au 8, karibu na prosesa. Hii ndiyo isahaulikayo, feni zikazunguka na kioo kikabaki cheusi.

Ikiwa nyaya za kisanduku kipya ni za kuchomoa, zitumike hizo hizo zilizokuja nacho. Za zamani huweza kuingia barabara, kumbe mpangilio wake ni mwingine, zikaiunguza diski, na hapo picha za watoto hupotea kweli.

Baadhi ya visanduku vina swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Afrika ya Mashariki, penye umeme wa volti 220 hadi 240, lazima isome 230; ikiachwa kwenye 115, kisanduku kipya hulipuka mara kiwashwapo.

Kompyuta iwashwe mara ya kwanza mfuniko ukiwa wazi, mikono ikiwa mbali, ili feni ionekane ikizunguka.