Habari Itangulie Maji

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini kwa wakazi wa Kimandolu na mitaa mingine ya Arusha iliyo chini ya Mlima Meru, methali hiyo peke yake haitoshi. Mvua yaweza kumwagika huko juu mlimani hali huku chini jua lawaka na nguo zimeanikwa. Maji hukusanyika na kutelemka kwa kasi, na mwenye nyumba huyaona yakiwa mlangoni.

Tusilidharau jambo hili. Desemba 3, 2023, tope lilitelemka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh likaua watu zaidi ya 80. Aprili 2024, hapa Arusha, mafuriko yalisomba gari lililokuwa limebeba wanafunzi, na watoto wakapoteza maisha.

Je, sayansi yaweza kutusaidia? Yaweza. Kipo kipimo kinachofungwa chini ya daraja, ambacho hupeleka mawimbi hadi juu ya maji. Mwangwi ukirudi upesi kuliko kawaida, maji yamepanda, na kifaa hutuma habari kwa mtandao wa simu saa hiyo hiyo. Upo pia uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, wa aina ile ile ipitishayo intaneti. Mwanga ukipelekwa ndani yake, sehemu ndogo hurudi nyuma. Uzi ukivutwa, ukitikiswa au ukipata joto, mwanga urudio hubadilika, na kwa kupima muda wa kurudi kwake wataalamu hujua ni mahali gani palipoguswa. Hivyo uzi uliozikwa mtelemkoni waweza kutambua kwamba udongo umeanza kusogea kabla jicho halijaona ufa.

Kazi ya namna hii si ngeni mkoani kwetu. Tangu 2016 wataalamu wa Tanzania na Marekani wameutegea mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai vipokezi vya setilaiti, vinavyopima ardhi ikivimba au kusogea hata kidogo sana.

Lakini habari inayoishia ofisini haimwokoi mtu. Kila mtaa hauna budi kujua ni nani atakayepokea onyo, na ni nani atakayempasha mwalimu, dereva na mzee asiye na simu. Betri na vioo vya umeme wa jua vya vipimo hivyo tuvilinde, kwani anayeviiba huwanyima majirani zake onyo.

Nasi wazazi tukubaliane na walimu mapema: mvua kubwa ikinyesha, mtoto abaki shuleni hadi maji yapungue. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu yaweza kusomba gari. Kuchelewa kufika nyumbani kusimtie mtu hofu. Afadhali chakula cha jioni kipoe kikimngoja mtoto aliye salama.