Kuni si Kazi ya Mama Peke Yake



Kazi yangu ni ukarani katika afisi ya kilimo. Sipimi udongo wala sichanji ng'ombe, naandika hesabu. Juzi alifika mzee mmoja wa skimu yetu akitaka kuandikiwa hesabu ya shamba lake ya mwaka mzima. Alikuwa na kila kitu kichwani. Maziwa aliyopeleka ushirikani aliyajua kwa kilo, mbolea kwa magunia, dawa ya kupe kwa shilingi. Nikamwuliza, "Na kuni za nyumbani je, mzee?" Akacheka, akasema, "Hizo muulize mama."

Nami nilicheka. Lakini jioni nilipofika nyumbani nikajiuliza swali lile lile, nikaona ya kwamba sina jibu. Mke wangu ndiye aliyenijibu: mizigo mitatu kila juma, na kila mzigo saa tatu, kwenda na kurudi. Hizo ni saa tisa. Tena Jumamosi binti yetu huenda pamoja naye, siku ile ile ambayo mimi humwambia akae asome vitabu vyake. Na mimi ndiye niliyesomea ualimu!

Maoni yangu ni haya: kuni ni gharama ya shamba kama mbolea ilivyo, na mwenye shamba asiyejua gharama hiyo hajamaliza hesabu yake. Sisi wanaume hatuioni kwa sababu haitoki mfukoni mwetu. Yatoka mgongoni mwa mtu mwingine.

Tazama kwanza mafiga matatu. Moto wake uko wazi pande zote, na upepo huchukua joto jingi kabla halijafika kwenye sufuria. Jiko la kuni lenye ukuta wa udongo hulizuia joto lisitawanyike, na moshi wake hupungua. Moshi huo si jambo dogo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria ya kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu kiasi cha 3,200,000 duniani, na wanaokaa karibu zaidi na moto ni mama na watoto wadogo.

Kisha tazama kuni zenyewe. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji kiasi cha nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto utafanya kazi ya kuyakausha maji hayo kwanza, ndipo uivishe chakula chako. Kuni zikipasuliwa na kupangwa chini ya paa, mahali penye upepo, miezi mitatu hadi sita zitakuwa kavu. Banda la kuni ni kazi ya siku moja ya mwanamume mwenye nyundo. Wengi wetu tumejengea mbuzi banda zuri, na kuni zanyeshewa uani.

Wale wenzetu wa Kinangop na nchi nyingine za juu wana taabu moja zaidi. Mahali palipo na kimo cha meta 2,500 hivi, maji huchemka yakifika nyuzi 92 tu, si 100 kama pwani. Kwa hiyo maharagwe hukawia kuiva, na ukiongeza kuni maji hayatakuwa moto zaidi; yatakauka upesi tu. Dawa yake ni kuyaloweka maharagwe usiku kucha, kufunika sufuria, na kupunguza moto yakishachemka.

Iko njia nyingine ambayo mke wangu alinifundisha, nami sikuisadiki mpaka nilipokula. Utwae kapu kubwa, ulitandike majani makavu au blanketi kuukuu pande zote. Mchele ukichemka dakika chache, sufuria huingizwa humo na kifuniko chake, hufunikwa juu kwa mto, nao huiva wenyewe bila moto. Kwa maharagwe ni lazima uangalie sana: yaloweke, umwage maji yale, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kuingia kapuni. Maharagwe mekundu yana sumu isiyotoka kwa joto dogo. Tangu tuanze mambo haya, mizigo mitatu imekuwa miwili, na binti yetu anakaa nyumbani Jumamosi.

Wengine watasema, "Siku hizi kuna gesi." Sina ugomvi na gesi. Ni nzuri sana kwa chai ya alfajiri. Lakini mtungi ukiisha katikati ya mwezi, sote twajua tunakorudi.

Makaa ndiyo yanayonitia mashaka zaidi. Katika tanuri la udongo, kilo 100 za kuni hutoa makaa kilo 10 hadi 20 tu. Mkulima anayeuza mti wake kwa mchoma makaa, kisha akamtuma mkewe msituni kutafuta kuni, amefanya biashara gani? Nimewaona wawili hapa kwetu, nao si watu wajinga.

Mashamba yetu mengi yalikatwa kutoka mashamba makubwa tangu mwaka 1962, na kila mmoja alipopata kipande chake alikata miti apate mahali pa kulima. Jambo hilo laeleweka. Lakini kanuni zilizotolewa mwaka 2009 ziliagiza ya kwamba sehemu 10 kwa 100 ya kila shamba iwe na miti, na wengi wakizisikia hudhani wananyang'anywa shamba. Mgrevilia ukipandwa mpakani hauchukui shamba. Hukatwa matawi kila mwaka, nayo ni kuni, na shina huendelea kukua kuwa mbao. Usipande mkaratusi karibu na kijito au chemchemi, maana mti huo hunywa maji mengi.

Mvua ndefu huanza Machi. Yafaa mashimo yachimbwe kabla, udongo wa juu uwekwe kando na kuchanganywa na samadi. Ukija afisini kwetu kuulizia miche, mlete na mama, kwa kuwa yeye ndiye atakayejua idadi.