Mandolini ya umeme haiuzwi kwa bei ya mbao

Fundi wa jioni, yule ambaye mchana ana kazi nyingine na usiku anachonga mandolini za umeme nyuma ya nyumba, hukosea hesabu kama mkulima wa mahindi. Mkulima hujumlisha mbegu, mbolea na usafiri, akasahau siku ambazo yeye na familia yake waliinama na jembe. Fundi naye hujumlisha mbao, nyuzi na vigingi vya kukazia, akaongeza kidogo, akaita faida.

Chukulia vifaa vimegharimu Sh 120,000 na chombo kimeuzwa Sh 150,000. Kazi imechukua saa 60: kukata na kulainisha mbao, kupanga freti, kuzungusha waya wa pikapu (si gari, ni sumaku yenye maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele), kupaka vanishi. Sh 30,000 kwa saa 60 ni Sh 500 kwa saa. Hapo msasa, umeme na patasi iliyovunjika bado havijaguswa. Kibarua wa kubeba zege asingekubali.

Utetezi wake ni kwamba anafanya kwa mapenzi. Sawa, kwa chombo anachobaki nacho. Akishaanza kuuza, bei yake ndiyo wateja watakayomtajia seremala anayelisha watoto kwa kazi hiyohiyo. Na siku yeye mwenyewe akitaka kuacha ajira ili aishi kwa ufundi huo, atakuta wateja wamezoea bei ya bure.

Kushindana kwa bei na vyombo vya kiwandani nako ni kupoteza muda, kwani kiwanda hununua vifaa kwa maelfu. Fundi ana kile ambacho kontena halileti: shingo iliyochongwa kwa kipimo cha mkono wa mpigaji, nyuzi nne, tano au nane kama anavyotaka, na mtu wa kumrudia freti ikilegea. Mpigaji wa taarabu au wa bendi ya kanisa atalipia hayo, mradi asikie chombo kikilia kwenye spika, si kuonyeshwa picha tu.

Kwa mfano huo, saa zikihesabiwa kwa Sh 2,000 na Sh 30,000 zikatengwa kwa zana na matengenezo, bei halali ni Sh 270,000. Akiba ya matengenezo si anasa: mninga usiokauka vizuri hupinda shingo baada ya miezi michache, na chombo hurudi mlangoni.

Vyombo viwili vya kwanza vinaweza kuuzwa kwa punguzo, maana kasoro hazikosekani. Lakini risiti ionyeshe bei halisi na punguzo lenyewe, ili rafiki wa mnunuzi asije akadai bei ileile. Oda inayofuata ianze kwa malipo ya nusu, yatoshe kununua vifaa.

Anayepeleka chombo dukani akumbuke fungu la mwenye duka tangu anapopanga bei, na nyumbani auze kwa bei ya dukani. Mwenye duka akigundua anazungukwa, hatapokea cha pili.