Fundi Wetu: Gari Lililolala na Bomba Lake la Moshi

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017, kisha shambulio la Palma la mwezi wa Machi 2021, viliwatawanya watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado pamoja na mafundi wao. Askari wetu waliotumika upande ule wa Ruvuma katika kikosi cha nchi za Kusini mwa Afrika, tangu Julai 2021 hadi Julai 2024, wanaujua mchanga wake na chumvi ya upepo wake. Arejeaye nyumbani akaikuta Land Rover au Land Cruiser yake kongwe ingali chini ya mkorosho hana budi kushukuru, lakini asikimbilie kuwasha. Gari lililolala mwaka mzima kando ya bahari si gari lile lile aliloliacha.

Kwanza afungue chujio la hewa, maana panya hupenda mno kuzaa humo, na achungulie mdomo wa bomba la moshi, ambamo nyigu wajengao kwa udongo huweza kuziba njia yote. Pili amwage mafuta ya zamani yaliyokaa chini ya tangi. Unyevu wa pwani hugeuka maji ndani ya tangi lisilojaa, na pale dizeli inapokutana na maji huota utando mweusi wa kuteleza ambao utaliziba chujio kabla gari halijafika barabarani. Mafuta mapya yanunuliwayo kwa madumu nayo yaachwe yatulie usiku kucha, kisha yachotwe ya juu tu. Mwisho auzungushe mtambo kwa mkono, taratibu, ili ajue kwamba pistoni hazikugandamana na silinda.

Injini ikishawaka, ndipo moshi uanzapo kusema. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Mara nyingi si ugonjwa mkubwa: chujio limejaa vumbi. Land Rover nyingi za zamani hutumia bakuli la oili badala ya karatasi, na bakuli hilo likishajaa tope halichuji kitu. Lisafishwe na kutiwa oili mpya hadi kwenye alama, si zaidi. Mtu akiondoa chujio kwa dakika moja, gari likiwa limesimama mahali pasipo vumbi, na moshi ukapungua, basi mwizi amekwisha kamatwa. Usipopungua, ziangaliwe nozeli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka gari linapopanda mlima kwa nguvu, ringi zimechoka. Ukitoka baada ya kuteremka na mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, yaelekea mpira wa valvu ndio uliokauka, na kazi yake ni nafuu zaidi. Moshi mweupe wa asubuhi wenye harufu ya dizeli mbichi usimtishe mtu. Plagi za kupasha moto ni dhaifu, au injini haijapata joto. Lakini mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto, huku maji ya rejeta yakipungua kila siku, huo ni mvuke, na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Gari hilo lisiendeshwe.

Injini ya dizeli ikikosa-kosa, mafundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, injini ikinguruma taratibu. Nozeli ambayo ikilegezwa mlio haubadiliki, silinda yake ndiyo mgonjwa. Njia ni nzuri, ila naomba ndugu zangu wasiifanye kwa vidole vitupu wala wasiikaribishe nyuso zao. Dizeli hutoka mle kwa kani kubwa kiasi cha kupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kama tundu la sindano, na hakiumi sana mwanzoni, lakini mkono huweza kupotea mtu asipofikishwa kwa daktari mpasuaji siku ile ile.

Hayo ndiyo ambayo kila dereva hupenda kuyazungumza. Bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, halizungumzwi sana, nami naona ndilo lililostahili kutangulia. Gari lisilo na nguvu litamchelewesha mtu. Gari lenye bomba lililotoboka laweza kuwaua waliokaa nyuma wakiwa wamesinzia.

Wengi hudhani bomba huliwa na maji ya bahari peke yake. Chumvi hula kwa nje, hasa kwa wale wapitao ufukweni maji yakipwa ili kukwepa barabara mbovu, na dawa yake ni kulimwagia gari maji ya kisima chini kabisa, siku ile ile. Lakini adui mwingine yuko ndani. Kila lita ya mafuta iunguayo huzaa karibu lita moja ya maji, na maji hayo hutoka kama mvuke. Safari ikiwa ndefu bomba hupata moto na kuyakausha. Safari ikiwa ya kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, mvuke hugeuka maji, hutuama tumboni mwa sailensa, na chuma huoza kutoka ndani huku nje kikingali kizima. Ndiyo maana sailensa huonekana imara hadi siku igongwapo na jiwe ikafunguka kama kopo.

Kutafuta tundu si kazi ngumu. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, mtu mmoja awashe gari na mwingine azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, akiwa amevaa glavu, kwa sekunde chache tu. Panapovuja patapuliza. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye viungo yatatoa mapovu. Masizi meusi yaliyojichora kando ya kiungo ni ushahidi tosha. Na mlio wa tiki-tiki karibu na injini, usikikao asubuhi kisha ukapotea injini ikipata moto, hutokana na gasketi ya manifoldi au ufa wa manifoldi yenyewe: chuma kikipanuka, ufa hufumba. Kupotea kwa mlio hakumaanishi kwamba gari limejiponya.

Bati la kopo likizungushwa na kubanwa kwa klampu mbili litalifikisha gari gereji. Wazee walizoea kuzungushia kamba ya asbesto. Waachane nayo, kwani vumbi lake huua mapafu polepole. Na kiraka cha namna yoyote kilichoko chini ya viti kisihesabiwe kuwa matengenezo. Bomba lazima lifike hadi nyuma kabisa, lipite ubao wa mwisho wa gari. Kulikata katikati ili gari lingurume kiume ni upuuzi ambao nimeuona mara nyingi mno.

Sababu ni gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Hushika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kuchukua nafasi yake. Injini za petroli hutoa nyingi zaidi. Za dizeli hutoa kidogo zinapokuwa nzima, lakini iliyochakaa na kutoa moshi mweusi isiaminiwe. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, familia hufunga madirisha na kuacha turubai la nyuma limekunjwa nusu ili wapate hewa. Hapo ndipo hatari ilipo. Gari likienda mbele, upepo hujikunja nyuma yake na kuurudisha moshi ndani. Afadhali turubai la nyuma lifungwe kabisa na madirisha ya mbele yafunguliwe, hata kama watu watalowa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, nazo hufanana na malaria au uchovu wa safari. Watu wawili au watatu waliomo garini wakilalamika pamoja, simamisheni gari, zimeni injini, watoeni wote nje. Mama mjamzito apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu, kwa kuwa mtoto tumboni huathirika zaidi kuliko mama. Ajue pia amwambiaye mganga kwamba moshi wa gari uliingia ndani, maana kile kifaa kidogo kibanwacho kidoleni hakiwezi kuitofautisha gesi hii na oksijeni, na huweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekufa. Mgonjwa apewe oksijeni safi kwa barakoa bila kungojea kipimo: akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu hukaa damuni saa nne au tano, akipewa oksijeni, kiasi hicho hutoka kwa muda wa saa moja na nusu hivi.