Ukuta nao una hati yake

Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na taifa zima likashtuka. Lakini Tunduma, mji wa mpakani wenye haraka zake, mnunuzi wa nyumba kuukuu bado anakagua hati na mipaka ya kiwanja, kisha analipa. Kuta hazimhusu!

Kumbe zinamhusu sana. Nyumba za zamani za tofali za kuchoma si haba mkoani humo, Songwe, na nyingine zimeungwa kwa udongo. Mhandisi aliyesajiliwa huzisoma nyufa: ufa wa plasta, mwembamba kama unywele, haumtishi, lakini unaopanda ngazi kwa ngazi toka kona ya dirisha humdokeza kuwa msingi umetitia. Rangi mpya chini ya ukuta? Huenda inaficha unyevu.

Ripoti ya mhandisi ikitaja hayo, bei ijadiliwe upya. Dalali akinuna, anune.