Elimu ya Nyumbani Ukingoni mwa Ziwa: Kiswahili Kisitolewe Kafara

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii imekaririwa mno katika madarasa ya fasihi simulizi hata makali yake yamebutuka. Aghalabu hufasiriwa kuwa onyo kwa mtoto mkaidi. Ni nadra kuchukuliwa kama ilivyotamkwa, yaani kwamba mama ni mwalimu na nyumba ni shule. Hata hivyo, wapo wazazi nchini Kenya, wakiwemo wa Kisumu na viunga vyake, ambao wameichukua methali hiyo neno kwa neno. Wamewaondoa watoto wao shuleni, au hawakuwapeleka kabisa, wakaamua kuwafundisha sebuleni.

Sababu zao ni nyingi: msongamano madarasani, karo za shule za kibinafsi, imani ya dini, mtoto mwenye ulemavu ambaye shule ya karibu haina namna ya kumhudumia, au kazi inayoihamisha familia mara kwa mara. Si nia ya makala haya kuwahukumu. Linaloshughulikiwa hapa ni swali linalowakabili wote baada ya kukata shauri: wafuate mtaala gani, na waumudu kwa fedha zipi, hasa pale watoto wanapokuwa watatu, wanne au zaidi? Makala haya yanashikilia kwamba maswali hayo mawili kwa hakika ni moja, na kwamba katika kulijibu, Kiswahili ndicho kinachoelekea kutolewa kafara.

Ifahamike kwanza kuwa elimu ya nyumbani si mgeni ufuoni mwa ziwa. Kabla ya Shule ya Maseno kuanzishwa mwaka 1906, mtoto wa Kijaluo alikuwa tayari na madarasa yake. Siwindhe, nyumba ya bibi, ndipo watoto walipokusanyika usiku kutegeana vitendawili na kusikiliza ngano, yaani sigana. Duol, kibanda cha mzee wa boma, ndipo wavulana walipofunzwa historia ya ukoo na adabu ya utu uzima. Jambo moja katika siwindhe linastahili kuzingatiwa na kila mzazi mwenye watoto wengi: wakubwa kwa wadogo walifunzwa pamoja kwa hadithi ile ile, kila mmoja akichota kwa kadiri ya kibuyu chake.

Tena, mwaka 2020 kila mzazi nchini aligeuzwa mwalimu bila kuulizwa. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 wakarejea Oktoba, na wengine wakasubiri hadi Januari 2021. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala (KICD) ilipeperusha masomo kupitia redio na televisheni. Funzo kubwa la miezi ile ni kuwa nyumba inaweza kuwa na mapenzi tele ya elimu, lakini ikiwa na simu moja na watoto wanne wa madarasa manne, mtaala usiopangwa kwa ajili ya nyumba huielemea.

Sheria nayo haiwezi kupuuzwa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 30, inamtaka kila mzazi ahakikishe kuwa mwanawe anahudhuria shule. Mzazi anayeamua kufundisha nyumbani sharti ayajue hayo kabla ya kununua hata kitabu kimoja, kwani gharama ya kwanza ya elimu ya nyumbani si ya vitabu bali ni ya hatari anayoibeba.

Akishayajua hayo, mzazi hukuta mbele yake njia tatu kuu. Ya kwanza ni mtaala wa taifa, yaani Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Ya pili ni mitaala ya Uingereza, hasa ya Cambridge na Edexcel. Ya tatu ni mitaala ya Kikristo ya Marekani, na hapa unaotajwa sana ni ule wa Accelerated Christian Education, ulioanzishwa Texas mwaka 1970, ambao mwanafunzi hujisomea mwenyewe kijitabu kimoja baada ya kingine. Kila njia ina sifa zake. Tofauti zake huonekana wazi zaidi pale zinapopigiwa hesabu ya nyumba yenye watoto wengi.

Na ichukuliwe familia ya watoto wanne. Katika mtaala wa vijitabu, kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka. Masomo ya msingi yakiwa matano, mtoto mmoja huhitaji vijitabu 60, na watoto wanne 240. Vijitabu hivyo vimeundwa ili mtoto aandike majibu ndani yake. Mkubwa akimaliza, mdogo hana cha kurithi. Zaidi ya hayo, vifaa vinavyoagizwa kutoka nje huandamana na bei ya dola. Mwezi Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu shilingi 130 katikati ya mwaka huo. Mzazi aliyenunua wakati wa kupanda alilipa tofauti hiyo bila mwanawe kujifunza neno moja zaidi.

Mitaala ya Uingereza ina afueni kwa upande wa vitabu, maana kitabu kikitunzwa hupita kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo. Mzigo wake umo katika mtihani, ambao hulipiwa kwa kila somo. Mtoto atakayetahiniwa katika masomo manane atalipiwa mara nane, na wanne kwa jumla watalipiwa mara thelathini na mbili kabla ya wote kumaliza.

Mtaala wa taifa ndio nafuu zaidi. Miundo yake hupatikana bila malipo katika tovuti ya KICD, vitabu vyake vya kiada huuzwa madukani na hata vikuukuu, na vinaweza kurithiwa. Hata hivyo, nao una gharama iliyojificha. Katika kumpanga mwanafunzi kwenda sekondari pevu, mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, hubeba asilimia 60 ya alama. KPSEA ya Gredi ya 6 hubeba 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 hubeba 20. Mtoto asiyesajiliwa katika shule yoyote hana pa kuzipata alama hizo za tathmini. Kwa hiyo mzazi anayefuata mtaala wa taifa nyumbani ni lazima mapema atafute shule itakayomsajili mwanawe na kumtathmini.

Hapa ndipo suala la Kiswahili linapochipuka. Katika masomo matano ya msingi ya mtaala wa vijitabu, Kiswahili hakimo, anayekitaka hukiongeza. Katika IGCSE ya Cambridge kuna mtihani wa Kiswahili, lakini ni somo la kuchagua, nalo lina ada yake. Kwa njia zote mbili Kiswahili huingia nyumbani kama nyongeza. Kila anayeendesha nyumba anajua hatima ya nyongeza: mfuko ukipungua, ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Hisabati haiguswi, Kiingereza hakiguswi. Kiswahili huambiwa kisubiri muhula ujao, na muhula huo haufiki.

Huenda mtu akasema kwamba mtoto atakiokota Kiswahili mtaani. Hoja hiyo ina uzito Mombasa au Lamu, si Kisumu. Katika nyumba nyingi za Kisumu lugha ya mazungumzo ni Dholuo. Katika baadhi ya nyumba za Milimani, Kiingereza. Kiswahili cha Kondele na Kibuye ni hai, kina ucheshi na nguvu za watu wake, na hakistahili kudharauliwa. Lakini hakimfunzi mtoto upatanisho wa ngeli, hakimpi msamiati wa kuandika insha, wala hakimfungulii mlango wa riwaya na ushairi. Kwa mtoto wa ukanda wa ziwa, Kiswahili sanifu kina nyumba moja tu, nayo ni shule. Akiondolewa shuleni bila kuandaliwa pengine pa kukipata, ameondolewa Kiswahili chenyewe. Uamuzi unaoonekana wa fedha na mtaala umekuwa, pasi na kukusudiwa, uamuzi wa lugha.

Hasara yake si ndogo. Ulipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na huenda wengi wa walimu na wahadhiri wa Kiswahili waliozaliwa Siaya, Homa Bay, Kisumu na Migori wasingekifikia lau si uamuzi huo. Katika sekondari pevu pia Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya kwa wanaoihitaji, ni somo la lazima. Mtoto aliyesomeshwa nyumbani bila Kiswahili, kisha wazazi wakaishiwa na fedha au nguvu wakamrejesha shuleni akiwa na miaka kumi na minne, atakaa na wenzake waliokisoma kwa miaka tisa. Nje ya darasa, ziwa lenyewe lina nchi tatu. Mfanyabiashara wa Kisumu akivuka kwenda Musoma au Mwanza, hakuna atakayemuuliza alipata alama gani katika vijitabu vya Texas; ataulizwa bei, naye atajibu kwa Kiswahili au atafute mkalimani.

Wapo wazazi wenye pingamizi la haki zaidi. Husema kwamba wao wenyewe hawakijui Kiswahili vyema, na kwamba afadhali mtoto akijue Dholuo kwanza. La pili halina ubishi, kwani Mtaala wa Umilisi wenyewe huipa lugha ya mazingira nafasi katika madarasa ya mwanzo. Dholuo si hasimu wa Kiswahili. Mtoto aliyesikia sigana kwa bibi yake hahitaji kufafanuliwa ngano ni nini; anahitaji tu kupewa neno. La kwanza ni zito, lakini lina dawa, na dawa hiyo haihitaji dola.

Somo la Kiswahili ndilo, kuliko mengine, linaloweza kufundishwa watoto wengi kwa pamoja. Kitabu kimoja cha hadithi chatosha kwa siku nzima: mdogo asimulie aliyoyasikia, anayemfuata aorodheshe maneno mapya, wa tatu abadilishe umoja kuwa wingi, na mkubwa aandike mwisho tofauti wa kisa. Hiyo ni siwindhe iliyovaa kanzu ya Kiswahili. Gazeti la Taifa Leo la siku moja lina habari, tangazo, barua na maoni, aina nne za utungo kwa bei ya nakala moja. Maktaba ya taifa ina tawi mjini. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana boma la Kijaluo ambamo mtoto anaweza kukitazama kila kifaa na kuulizwa jina lake kwa lugha mbili. Na siku ya Jumapili sokoni Kibuye, mtoto anayetumwa kununua gorogoro ya omena kwa sharti la kununua kwa Kiswahili pekee amesoma hesabu, lugha na adabu kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo mzazi na auanzie uteuzi wake pengine. Badala ya kuuliza kwanza furushi gani la vitabu ni bora, aulize watoto hawa wataishi wapi na watasema na nani. Akishajibu hilo, Kiswahili kitatoka katika orodha ya nyongeza na kuingia katika orodha ya msingi, hata kama masomo mengine yatafuata mtaala wa kigeni.

Hata hivyo, lawama isiwaendee wazazi peke yao. Wataalamu wa Kiswahili wameandika vitabu vya mwanafunzi wa kutahiniwa, wakaandika miongozo ya mwalimu aliyehitimu chuoni. Mama wa Nyalenda aliyekisoma Kiswahili mara ya mwisho katika Kidato cha 4, na ambaye sasa ana watoto watatu mezani, ni vigumu kupata kitabu kinachosema naye. Mwongozo wa aina hiyo, wenye ngeli zilizoelezwa kwa lugha nyepesi, hadithi za kanda ya ziwa zilizosimuliwa kwa Kiswahili na mazoezi ya umri mbalimbali, ni kazi inayoweza kufanywa na chama cha wanafunzi wa Kiswahili katika likizo moja. Wanachama wake hurudi nyumbani Seme, Asembo, Rusinga na Ahero kila muhula ukiisha, na huko bibi wenye sigana bado wapo. Kazi kama hiyo ingekifaa Kiswahili kuliko makongamano kadhaa ya kukisifu.

Mvuvi wa Dunga akibanwa na bei ya petroli huizima mashine akashika kasia. Atachelewa kufika na mabega yatamuuma, lakini hauzi wavu. Mzazi anayewafundisha wanawe nyumbani ana haki ya kupunguza gharama kila zinapopungukia. Apunguze vijitabu, apunguze ada, apunguze hata fahari ya cheti cha ng'ambo. Kiswahili ni wavu, asikiuze.