KUSIKILIZA KITABU SIYO UVIVU, MAMA (Sehemu ya 4)

Haya mama zangu, na akina baba mliopo humu msijifiche, tuendelee. Leo nagusa ile simu tunayompa mtoto jioni ili atuache tupike. Najua nitawaudhi baadhi yenu, nivumilieni mpaka mwisho.

Kila nikisema "achana na katuni, mfungulie hadithi ya kusikiliza", napata majibu mawili. La kwanza: kusikiliza siyo kusoma, ni kumzoesha mtoto uvivu. La pili: nesi, hizo hadithi za majini zitamharibu mwanangu.

Tuanze na uvivu. Bibi zetu hapa Hombolo walisimulia jioni kwa Kigogo, na hakuna aliyemwita mjukuu mvivu kwa sababu alisikiliza. Wazazi wengi nao walikua wakikaa karibu na redio kumsubiri Debora Mwenda na kipindi cha Mama na Mwana, Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio haikuwa na picha. Jini, msitu, jumba la mfalme, vyote mtoto alivichora mwenyewe kichwani. Hiyo ni kazi jamani! Kwenye katuni kila kitu kimeshachorwa, yeye amebaki kukodoa macho tu.

Na hili silitoi mfukoni kwangu. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya mwaka 1 asiwekwe kwenye skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Mwongozo huohuo unahimiza kwamba mtoto akiwa ametulia, mlezi amsomee na amsimulie hadithi. Umeona? Mlezi. Siyo simu peke yake.

Sasa majini. Chukua Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1952. Adili, liwali wa Janibu, kila usiku anawachapa manyani wawili huku analia, halafu anawalisha. Kumbe manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Walimtupa baharini kwa wivu, jini Huria akamwokoa, akawageuza wao wanyama na kumpa Adili amri ya kuwachapa. Niambie, hapo kinachotisha ni jini au ni wivu wa ndugu?

Wewe uliyejifungua juzi unajua ninachosema. Yule mkubwa wa miaka 8 amenuna, anajibu ovyo, mdogo wake hataki hata kumwangalia. Ukimwambia "acha wivu", umemgombeza. Akisikia habari za Hasidi na Mwivu, anaweza kuuliza mwenyewe: "Mama, kwa nini Adili analia wakati anawachapa?" Hapo ndipo mazungumzo yenu yanaanza, na hujamnyooshea kidole.

Ila wa miaka 3 au 4 usimpe hiyo ya viboko. Huyo msimulie sungura na fisi, zinamtosha.

Utaniambia huna kitabu cha sauti. Simu yako ina kinasa sauti. Mwombe shangazi au babu anayesoma vizuri asome sura moja, akutumie kwa WhatsApp. Dakika 15 zinatosha. Weka simu juu ya kabati, kioo kiangalie chini, sauti ya wastani, bila hedifoni. Wewe unasonga ugali wako, mlenda uko jikoni, masikio yako yako huru. Mnasikiliza wote, na baba pia. Ikiisha, zima, kisha uliza: "Ungekuwa wewe Adili, ungefanyaje?" Halafu nyamaza, umsikilize na yeye.

Maana hapa ndipo ninapogombana hata na wanaonikubali. Ukimfungulia hadithi ukaondoka zako, umebadilisha tu aina ya yaya. Sauti ya kwenye simu haina mapaja ya kukalia, wala haijibu swali. Kitabu cha kusikiliza hakikupi ruhusa ya kumkimbia mwanao. Kinakupa nafasi ya kukaa naye hata mikono ikiwa na kazi.

Jaribu leo usiku, sura moja tu. Kesho sehemu ya 5: mtoto anayegoma kulala.